Jezi Moja kwa Mapasa

Ilianza Ijumaa, saa kumi na robo ya mangaribi, kwenye kiwanja cha nyuma ya parokia, simu yangu ilipotikisika ndani ya soksi. Ninaiwekaga kwenye soksi wakati wa mazoezi kwa sababu sketi yangu ya michezo haina mfuko. Ujumbe ulikuwa wa kocha. Hakuandika, alituma sauti, na nyuma ya sauti yake nilisikia malori ya mpakani yakipiga honi.

"Mama, niko ku Kasumbalesa. Makamyo ya papa imekwama ku duane, leo siwezi kurudi. Njo weye utafanyisha antrenema, na kiisha utasema ekipe ya kuenda Kipushi. Majina natuma sasa hivi. Jezi ziko ndani ya mufuko ya buluu kwa sakristani, ugawe. Usiogope, ni kusoma tu."

Ni kusoma tu. Nilisikia masikio yangu yanapata moto. Kwangu uoga unaanzaga kwenye masikio, kiisha unashuka shingoni, na ukifika kifuani sauti inakwisha. Shuleni mwalimu akiuliza swali ninajua jibu, naliona limesimama mbele yangu kabisa, lakini masikio yanawaka kwanza na mwingine anajibu. Kocha anajua hivyo. Aliniokota kuwa msaidizi wake kwa sababu ninafika wa kwanza, ninapanga vituo, ninahesabu mipira, na siongei.

Mchezo wetu unaitwa softball. Mmoja anarusha mpira mkono ukipita chini, mwingine anaupiga kwa fimbo, kiisha anakimbia kuzunguka vituo vinne kabla ya wale wa upande mwingine kuurudisha. Kocha alijifunza mchezo huu Ndola, ng'ambo ya mpaka, alipokuwa akisoma kule. Alirudi na fimbo mbili, glavu za kutosha ekipe moja, na imani kwamba wasichana wa Lubumbashi wataacha kusukana nywele mangaribi ili wafukuze mpira kwenye vumbi jekundu. Tulimcheka, kiisha tukaja. Vituo vyetu ni mifuko ya unga iliyojaa mchanga. Jumapili, baada ya misa, tulikuwa twende Kipushi kucheza na wasichana wa parokia ya kule. Ulikuwa mchezo wetu wa kwanza wa kweli. Mpaka siku ile tulikuwa tumecheza sisi kwa sisi tu.

Basi nikafanyisha antrenema. Niliwapanga wawili wawili kurushiana mpira, kama kocha anavyofanya, wa karibu kwanza, kiisha kila mmoja anarudi nyuma. Nilipofungua mdomo kusema "rudini nyuma" walinisikia watatu. Mdakaji wetu, msichana mnene mwenye sauti ya soko, akawa anarudilia maneno yangu.

"Bamama, mukubwa anasema murudie nyuma! Mumusikilize! Leo kocha anaongea kama panya ndani ya mufuko ya unga!"

Walicheka wote, na mimi nilicheka, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kulia. Lakini mazoezi yalikwenda. Walikimbia vituo, walidaka, mmoja alianguka na kusimama. Nikaanza kufikiri kwamba pengine ninaweza.

Kiisha majina yakaingia.

Niliyasoma nikiwa nimegeuka ukutani. Yalikuwa kumi na mbili, na la mwisho lilikuwa langu. Nilisoma tena, nikifikiri kocha amekosea. Mimi, katika ekipe. Ni furaha niliyoisikia kwa muda wa pumzi moja tu, kwa sababu jicho langu lilikuwa limepanda juu tena, kwa jina la tatu, ambalo ni la mkubwa wa mapasa, mapacha wawili wa ekipe yetu. Nikatafuta jina la mdogo. Nikatafuta kutoka juu mpaka chini, kutoka chini mpaka juu. Halikuwepo.

Kwetu sisi, watu waliotoka kaskazini mwa Katanga, ambao babu zao waliletwa kufanya kazi ya reli na ya migodi, mapasa hawagawanywi. Ni watoto wawili waliokuja kwa mlango mmoja. Ukimpa mmoja pipi, unampa na mwenzake pipi ya rangi ileile, saa ileile, kwa mikono miwili. Ukimpa mmoja peke yake, yule mwingine anakasirika, na hasira yake haitoki kwa mdomo. Inatoka kwa mwili. Anaweza kuugua. Anaweza hata kurudi kule alikotoka. Papa, baba yangu, ambaye ni mtu wa reli kama baba yake na anasoma masomo ya misa kanisani, anasema hayo ni mambo ya kipagani. Lakini nilimwona kwa macho yangu, mbele ya mlango wa kanisa, akivunja biskuti na kupima vipande viwili juani kabla ya kuwapa mapasa wa jirani.

Kocha hajui. Familia yake ni ya wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, na kwao mapacha ni watoto wawili tu, kila mmoja na miguu yake. Yeye aliangalia mchezo, na katika mchezo hakukosea. Mkubwa ndiye anayerusha vizuri kutupita sisi wote. Mdogo anafunga macho mpira ukija.

Nilimpigia kocha. Simu yake haikuingia. Nilipiga tena, haikuingia. Nyuma yangu wasichana walikuwa wameketi juu ya mifuko ya mchanga, wakifuta vumbi kwenye magoti, wakiningoja. Mdakaji akasema, "Soma, mama, siye tuko na njaa." Jua lilikuwa linashuka. Nikasoma.

Nilisoma haraka, nikimwita kila mmoja aje kuchukua jezi yake, jezi za buluu zenye namba nyeupe ambazo zilikuwa bado zinanuka duka. Wa kwanza akaja, wa pili akaja. Nilipomwita mkubwa wa mapasa waliinuka wote wawili, kama wanavyoinuka siku zote. Nikanyoosha jezi kwa mkono wa kuume. Mkubwa akanyoosha mkono wake. Na mdogo naye akanyoosha wake, bila kufikiri, kwa sababu tangu azaliwe mkono wa mtu ukija kwa dada yake, mwingine unakuja kwake.

Mkono ule ulibaki hewani.

Hakuna aliyecheka, hata mdakaji. Mdogo aliuangalia mkono wake kama wa mtu mwingine, akaurudisha polepole, akajikuna nao shingo. "Haiko kintu," akasema. Akaketi. Mimi nikaendelea kusoma, na sikusikia tena jina lolote lililotoka kwenye mdomo wangu, hata langu.

Tulipokuwa tunaondoa vituo, mdakaji alinishika mkono wa shati.

"Weye, hauogope Mama Mapasa?"

"Ni kocha aliyechagua."

"Kocha iko Kasumbalesa. Mukono iliyogawa ni ya nani? Atakuya kukuimbia ku mulango yenu. Bantu ya mutaa yenu, Makomeno yote, batatoka."

Alisema kwa mchezo, lakini alinishika kwa nguvu. Mama wa mapasa ana ruhusa ambayo mwanamke mwingine hana. Anaweza kumtukana mtu yeyote kwa wimbo, mbele ya watu, akataja mpaka viungo ambavyo hata daktari anavitaja kwa sauti ya chini, na hakuna mwenye haki ya kukasirika. Huyu wa kwetu, anayekaa mtaa wa Bel-Air, anajulikana. Siku moja alimwimbia diwani wa kata sokoni, na diwani alisimama pale akitabasamu kama mtu anayepigwa picha.

Nyumbani niliweka jezi yangu chini ya godoro na kwenda jikoni kumsaidia nkambo, mama yake Papa, aliyekuwa anasonga bukari, ugali wetu, juu ya makala, makaa ya miti. Nilijiambia kwamba hakuna kitakachotokea. Nilikuwa bado ninajiambia hivyo simu ilipotikisika. Alikuwa mkubwa wa mapasa. Aliandika maneno machache tu: "Mudogo iko na moto muingi. Anatetemeka. Mama anauliza ni nani aligawa jezi."

Sijui jinsi ya kueleza uoga ule. Haukuanzia kwenye masikio. Ulikuja wote mara moja, kama mtu anayefungua mlango bila kubisha. Nilimwona yule msichana anayefunga macho mpira ukija, nikamwona amefunga macho na haoni tena haja ya kuyafungua, na mkono wangu wa kuume ukawa mzito, mkono tu, kama si wangu. Nikampa nkambo simu, kiisha nikakumbuka kwamba hajui kusoma, nikamsomea.

Nkambo hakuacha kusonga.

"Ulitoa na mukono gani?"

"Wa kuume."

"Moja?"

"Moja, nkambo."

"Na yule mwingine, ulimupa nini?"

"Sikumpa kitu."

Hapo aliacha. Aliweka mwiko pembeni ya sufuria na kupangusa mikono kwenye kitenge.

Papa alikuwa ameketi mlangoni na redio yake. "Maman," akasema, "muache mutoto. Malaria inatoka kwa imbu. Haijue jezi."

"Weye usome kule kanisani kwako. Hapa niko naongea na mujukuu wangu."

Papa alipunguza redio. Hakuipandisha tena.

Nkambo aliniambia la kufanya, na alisema kama anavyonituma kununua chumvi. Kesho asubuhi, jua halijapata nguvu, niende Bel-Air. Niende na jezi nyingine sawasawa na ile. Nimwombe mkubwa airudishe yake, nizishike zote mbili, nizitoe kwa wakati mmoja, kwa mikono miwili. "Kiisha Mama Mapasa atakutukana. Uache akutukane. Usilie. Ukilia, imeharibika. Akimaliza, na weye unamujibu."

"Nimjibu nini?"

"Unamutukana."

"Nkambo! Mama wa watu?"

"Unamutukana na sauti, bantu basikie. Mapasa habapende muntu wa kunyamaza. Bataona kama unabaficha kintu."

Nilifikiri ananitania. Hakuwa ananitania. Nikasema siwezi. Nikasema bora nimwombe Papa aende. Nikasema nitaandika barua. Kwa neno la barua nkambo alicheka mpaka akakohoa. "Barua! Utamutukana mu barua na timbre ya posta juu?" Kiisha akasimama katikati ya jikoni, akajishika kiuno, akatoa tumbo mbele. "Haya. Miye njo Mama Mapasa. Nitukane."

Nilimwangalia. Masikio yaliwaka.

"Samahani, mama, wewe ni mnene kidogo."

Papa mlangoni alitoa sauti kama mtu aliyemeza mfupa.

"Samahani unaiweka ya nini?" nkambo akauliza. "Na 'kidogo' ni ya nani?"

Tulijaribu mpaka bukari ikapoa. Sikuweza. Kila neno baya lililofika kinywani liligeuka kuwa la heshima. Nilikuwa ninaogopa vitu viwili, na aibu yangu ni kwamba kuna dakika sikujua ni kipi nakiogopa zaidi, mtoto wa watu afe au mimi niseme kwa sauti.

Kocha alipiga simu tulipokuwa tunanawa mikono. Nilimweleza. Alicheka, akasema "Ati nini? Juu ya jezi?", kiisha akasikia kwamba mimi sicheki.

"Lakini mudogo hajui kudaka. Mimi ningefanya nini?"

"Hukukosea, yaya," nikasema, kama tunavyomwita ndugu mkubwa. "Ni mimi niliyetoa na mkono mmoja."

"Jezi zilikuwa kumi na mbili tu. Sina ingine."

"Nitampa yangu."

Malori yalipiga honi kule kwake. "Ile sikukupa juu ya huruma," alisema. "Umenielewa? Ulidaka vizuri mwezi wote, hujionagi tu. Bila jezi, Jumapili hautaingia kwenye kiwanja."

"Ninajua."

"Basi ufanye vile unaona. Mambo ya kwenu mimi sijue." Kiisha, kabla ya kukata: "Unitumie habari ya mutoto asubuhi."

Niliitoa jezi chini ya godoro na kuikunja. Nilikuwa sijaivaa. Nilitaka kuivaa mara moja, dakika moja mbele ya kioo, nikaogopa kwamba hata hilo litahesabika. Sikuivaa.

Jumamosi asubuhi Papa alinifikisha barabarani. Hakusema mambo ya kipagani. Aliniambia nitembee upande wa kuume nisigongwe. Wanaume wa makala walikuwa wanapanda kutoka Kasungami, kila mmoja akisukuma velo, baiskeli yake, na mifuko imefungwa juu ya baiskeli kwa kamba za mpira, imejaa, imevimba, imezidi pande zote mpaka gurudumu halionekani. Mmoja alinipita akihema. Mfuko wake ulikuwa umeinamia upande kama utaanguka, na haukuanguka. Niliuangalia mpaka ukapotea mbele. Nilitembea nyuma ya harufu ya makala mpaka Bel-Air.

Parsele ya mapasa, kiwanja cha nyumba yao, haina lango, ina kitambaa tu. Nilibisha kwa mdomo, "Hodi," na hodi yangu haikufika mbali. Nikasema tena. Mama Mapasa alitoka na ufagio mkononi. Ni mwanamke mkubwa. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka nywele, kiisha akaangalia mfuko wangu.

"Aa. Njo weye mukono moja."

Mdogo alikuwa ameketi juani kwenye mkeka, amefunikwa blanketi mpaka kidevu, macho mekundu. Lakini macho yalikuwa wazi. Nilishukuru Mungu pale pale, kwa moyo, na labda nilishukuru na wengine nisiowajua.

"Mama, anaendeleaje?"

"Tulimupeleka ku dispanseri. Balitoboa kidole, ni malaria. Dawa ameikunywa." Alielekeza ufagio kwangu. "Malaria ni malaria, sikatae. Lakini mulango ya kuingilia, ni nani aliifungua?"

Nilifungua mfuko. Mkubwa alikuwa ameshasimama na jezi yake mkononi, imekunjwa, kama mtu aliyekuwa anangoja tangu jana, na uso wake ulikuwa umechoka kuliko wa mgonjwa. Alinirudishia. Nikazishika zote mbili, moja kwa kila mkono. Nikapiga magoti mbele ya mkeka na kuzinyoosha kwa wakati mmoja.

Mikono yao ilikuja pamoja.

Mdogo aliivuta yake ndani ya blanketi. Aliinama karibu na sikio langu. "Mupira bado naiogopa," akanong'ona. "Kule Kipushi nitaketi tu. Lakini jezi niliitaka." Pumzi yake ilikuwa ya moto. Nikamwambia kwamba na mimi niliitaka. Sikujua kama nitamwambia, ilitoka tu.

Kiisha Mama Mapasa aliangusha ufagio, akapiga makofi, na akaanza.

Aliimba. Aliimba juu ya kichwa changu, kwamba kimefanana na nyungu ya kinywaji cha munkoyo iliyosahauliwa nje. Aliimba juu ya miguu yangu ya kuku wa soko ambaye hakuna aliyemnunua. Aliimba juu ya mdomo wangu, kwamba umefungwa kama duka siku ya yenga, yaani Jumapili, na juu ya kile nitakachomwonyesha bwana wangu siku ya ndoa, na hapo sitaandika. Vichwa vilitokea juu ya ukuta. Jirani aliyekuwa anafua aliacha maji yakimwagika. Mkubwa wa mapasa alipiga makofi pamoja na mama yake, na alikuwa anaangalia chini, akinionea huruma, nadhani. Macho yangu yalijaa maji. Nikakumbuka: usilie. Niliyameza.

Wimbo ukakatika. Mama Mapasa alijishika kiuno, tumbo mbele, kama nkambo alivyofanya jikoni. Akangoja. Parsele nzima ikangoja. Nilisikia matone yakianguka kutoka kwenye kamba ya nguo za jirani.

Masikio yaliwaka, shingo ikawaka, moto ukafika kifuani. Nikafungua mdomo hivyo hivyo, na moto ndani yake.

"Na weye, Mama Mapasa," nikasema, "tumbo yako ni kama mufuko ya makala juu ya velo, na velo yenyewe inalia!"

Mtu mmoja juu ya ukuta alisema "Iyooo." Mama Mapasa hakucheka. Aliweka mkono nyuma ya sikio lake, akauinamisha mwili wake wote mkubwa kuelekea kwangu.

"Uko naongea na nani? Na sisimizi? Mapasa habajasikia."

Chini ya blanketi mdogo alikuwa amejifunika mdomo kwa jezi, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, sikujua kama ni kwa homa au kwa kicheko. Nikasimama. Nikajishika kiuno. Na nikaanza upya, kutoka neno la kwanza, kwa sauti ambayo ingefika mpaka kituo cha nne.